Fahali wa Shangazi Alivyouruka Ugo wa Wambaa

Mchezo wa ng'ombe wa Pemba hauna ng'ombe anayeuawa. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mrima, wale wa bara, wameniuliza mara nyingi: "Sasa mnamchinja saa ngapi?" Hatumchinji. Fahali hufungwa kamba ndefu ya usumba wa nazi, akatolewa uwanjani, mchezaji akamkung'utia kitambaa usoni. Fahali akikasirika humvamia, mchezaji hukwepa, wanawake huimba na zumari hulia. Jioni fahali hurudi zizini kwake kula majani, kama mtu aliyetoka kazini. Anayeumia ni binadamu. Ujanani nilihudhuria michezo kumi na mmoja, nikaona walioumia saba. Nimehesabu mara mbili. Watano kati yao hawakuwa wachezaji hata kidogo. Walianguka kutoka juu ya miti walikopanda kutazama.

Miaka hiyo, mwishoni mwa hamsini na kuingia sitini, nilikuwa kijana wa Madungu, dalali katika soko la Chake Chake. Niliuzia watu kuku, mbuzi, mikeka na machenza, na kitu chochote kilichokuwa na mwenyewe asiyejua kusema. Kazi ya dalali ni kusimama katikati ya waongo wawili ukawa wa tatu. Niliiweza.

Kwa sababu hiyo shangazi yangu aliniita kijijini kwake, Wambaa.

Shangazi alikuwa mjane. Mumewe alipokuwa hai, zizi lake lilikuwa maarufu. Fahali wake walitolewa uwanjani kila mwaka kabla ya masika, na kila mwaka wanawake waliimba nyumba yake. Hiyo ndiyo zawadi ya mchezo wetu, hakuna nyingine. Fahali akicheza vizuri, mwenyewe huimbwa pale uwanjani, na wimbo ukishika hautoki tena: utausikia kisimani, utausikia shambani, utausikia wakichambua karafuu, mpaka msimu mwingine. Fahali akicheza vibaya, mwenyewe huimbwa pia, na wimbo huo ndio unaoshika zaidi.

Mume alipofariki, ng'ombe waliuzwa mmoja mmoja. Alibaki mmoja, naye akafa siku ya kuzaa, akaacha ndama dume. Miaka minne shangazi akamlea ndama yule peke yake, akawa fahali mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, shingo yake kama gunia la mbata.

"Mwanangu," aliniambia, "weye unauza hata kuku mwenye mafua. Hebu kaniuzie huyu."

"Unataka kumuuza, shangazi?"

"Nani kasema namuuza? Kaniuzie kwa wazee wa mchezo. Nataka atoke uwanjani mwaka huu." Akafunga kanga yake upya, halafu akasema taratibu: "Juzi nilikuwa harusini. Wasichana wananiuliza, 'Bi, weye wa nyumba gani?' Mie! Nyumba hii ilikuwa ikiimbwa mpaka Chokocho. Nataka niisikie ikiimbwa tena ningali hai. Mara moja tu. Sitaki jengine."

Nikaenda kwa mzee wa mchezo, yule aliyekuwa akichagua fahali na kupanga zamu. Alikuwa mtu mwenye jicho moja zuri, na lilimtosha.

"Mkali?" aliniuliza.

"Mzee, mie mwenyewe simkaribii."

Ilikuwa kweli. Mimi sikaribii ng'ombe yeyote, hata ndama.

"Keshapiga mtu?"

"Hajatokea mtu wa kusimama mbele yake."

Hiyo nayo ilikuwa kweli, hakuna aliyejaribu. Tulivutana toka adhuhuri hadi alasiri. Sikusema uongo hata mmoja, na nilipotoka pale fahali wa shangazi alikuwa kapewa zamu ya kwanza kati ya wanne, ambayo ni zamu ya heshima. Nilirudi mjini nikijiona mtu mkubwa.

Siku ya mchezo niliondoka Madungu asubuhi mapema. Gari la bodi ya mbao lilitushusha njia panda, tukashika njia ya Wambaa kwa miguu, na njia nzima ilikuwa watu. Nilihesabu kanzu themanini na mbili, nikahesabu tena nikapata themanini na tatu, kwa kuwa mmoja alikuwa kachutama kichakani. Wanawake walikuwa na mikeka kichwani na vikapu vya mikate ya ufuta. Palikuwa na mtu kabeba tenga la shokishoki, akila mwenyewe njiani, maganda yakamfuata nyuma kama mkia.

"Yakhe, utafika na tenga tupu," nikamwambia.

"Bora tupu kuliko kukuuzia weye," akanijibu. "Uliponunua kwangu sokoni ulinipotezea asubuhi nzima, na mwisho ukachukua tatu."

"Nne. Moja ilikuwa mbovu."

Furaha ilikuwa ya namna hiyo. Nilifika kwa shangazi kiasi cha saa tatu, nikamkuta uani amevaa doti mpya kabisa ya kanga, ingali na harufu ya duka.

"Subiri nimlishe kwanza," alisema. "Asicheze na njaa."

Akavua kanga ya mabegani, akaikung'uta hewani mara mbili. Pwa! Pwa! Kutoka nyuma ya nyumba akaja fahali, mbio, kichwa chini, moja kwa moja kwenye kanga. Nilikuwa nimekwisha panda juu ya kinu cha kutwangia kabla sijajua nimepandaje. Shangazi hakutikisika. Alifungua pindo, ndani mkiwa na maganda ya ndizi na muhogo wa kuchemsha. Fahali akazamisha uso mle, akala, akamaliza, akamlamba mkono hadi kwenye kiwiko.

"Shangazi," nikasema kutoka juu ya kinu, "humwita hivyo kila siku?"

"Toka mdogo. Mama yake kafa, maziwa nikimtilia kwenye kopo hataki. Nikachovya pindo la kanga kwenye maziwa, akalinyonya kama ziwa la mamake. Basi tena. Akiona nguo inakung'utwa, kajua chakula."

Nikashuka, nikakaa barazani. Nikahesabu: mchezaji mmoja, kitambaa kimoja, fahali mmoja anayedhani kitambaa ni mama yake. Nikahesabu tena. Ikatoka vile vile.

Shangazi alinitazama. "Mbona umepauka? Si vizuri? Si atamjia mbio?"

"Atamjia, shangazi."

"Basi?"

Sikuwa na moyo wa kumwambia kitakachotokea akishafika. Alikuwa akijifunga ushungi huku akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa zamani wa nyumba yake, ule wa enzi za mumewe. Nikasingizia kwamba nakwenda kutafuta maji ya kunywa, nikatoka mbio hadi kwa mzee wa mchezo.

"Shikamoo, mzee. Naomba fahali wetu awe wa mwisho."

"Marahaba. Wiki iliyopita ulinitoa jasho ili awe wa kwanza."

"Wiki iliyopita sikuwa nimewaona hawa wengine. Mzee, huyu akitangulia, nani atawatazama watatu waliobaki? Utawavunjia wenzake heshima."

Alinitazama kwa lile jicho lake. Akakubali, lakini taratibu, kama mtu anayepokea shilingi akaigonga kwanza juu ya meza.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Mchezo huanza baada ya adhuhuri. Kila fahali huchukua karibu saa nzima, pana sala ya alasiri katikati, na kabla ya magharibi watu hutawanyika. Fahali watatu walitosha kula jua lote. Wa nne angeambiwa, "Mwakani, inshallah," na mwakani ni mbali.

Uwanja wa Wambaa ulikuwa bonde dogo lililofyekwa, limezungushiwa ugo wa magogo ya minazi uliofika kifuani kwangu. Upande mmoja wanawake walitandika mikeka chini ya kivuli cha makuti. Upande wa pili walikaa wazee, na miti yote iliyobaki ilizaa watu. Pweza wa kuchoma, kashata, madafu. Nilibishana bei ya dafu nikiwa sina hata kiu, ili nitulize moyo.

Mchezaji mkuu alitoka Chokocho. Alikuwa mvuvi mwembamba mwenye majivuno manene, kikoi kakikaza juu ya magoti, kitambaa chekundu begani.

"Nani mwenye fahali wa mwisho?" aliuliza kwa sauti ya kusikika mitini. "Nimesikia huyo hajapata mtu wa kusimama mbele yake. Basi leo kapata!"

Watu wakapiga mayowe. Nikakumbuka maneno yale yalitoka kinywani mwa nani, nikanywa lile dafu.

Fahali wa kwanza alicheza vizuri lakini alijizungushia kamba miguuni, akatolewa kabla hata sijamaliza kashata. Wa pili alitoka, akatazama watu, akatazama kitambaa, akainamisha kichwa akaanza kula majani. Mchezaji alikung'uta, akapiga kelele, akamrushia mchanga. Fahali akahama hatua mbili, penye majani mabichi zaidi. Hapo wanawake wakashika wimbo bila hata kushauriana:

*Ng'ombe kaja harusini, hakutoa la kusema,
Kauliza pilau wapi, kala akalala vyema.*

Uwanja mzima ukacheka. Mwenye fahali yule aliondoka kupitia migombani, kofia kaivuta hadi kwenye nyusi. Nikamtazama shangazi kule kwenye mikeka. Alikuwa akicheka na wenziwe, masikini, akipiga makofi.

Mwenye fahali wa tatu alipoona yaliyompata mwenzake akaja kwa mzee wa mchezo na habari mpya. "Wangu kaamka na kikohozi," alisema.

"Ng'ombe anakohoa?"

"Toka alfajiri, mzee."

Nikatazama jua. Lilikuwa juu ya minazi, halina haraka hata chembe. Saa mbili nzima za kucheza, na fahali aliyebaki ni mmoja.

"Haya, dalali," mzee akaniambia. "Mlete sultani wako."

Kamba ilishikwa na wanaume sita. Fahali alipoingia, waliokaribia ugo walirudi nyuma, kwani kwa umbo lake alitisha: ile shingo, lile doa jeupe, zile pembe ambazo shangazi alikuwa kazipaka mafuta ya nazi zikang'aa. Mzee mmoja karibu nami alisema, "Mashaallah, huyu kama wa marehemu." Nadhani hiyo ilikuwa dakika nzuri kuliko zote katika maisha ya shangazi toka awe mjane, na mimi peke yangu nilijua kwamba ilikuwa dakika moja tu.

Mchezaji akasogea. Akakikung'uta kitambaa mara mbili. Pwa! Pwa!

Fahali akaja mbio, kichwa chini. Wanawake wakapiga vigelegele. Mchezaji wa Chokocho akasubiri, akasubiri, akakwepa kwa madaha, kikoi kikapepea. Fahali naye akasimama pale pale. Akageuka. Akamwendea polepole, akaingiza pua ndani ya kitambaa akatafuta. Hakukuta kitu. Akatafuta kwapani. Kisha akamlamba mchezaji shavu, kutoka kidevuni hadi kwenye kofia.

Kwanza watu hawakuamini. Halafu kicheko kilianza juu ya miti kikashuka chini.

"Yakhe, huyo hataki vita, kataka posa!"

"Mjibu basi, usimkalishe!"

Mchezaji alirudi nyuma, fahali akamfuata. Mchezaji alikimbia, fahali akamfuata mbio, kwa upole, kama mtoto anayefuata muuza ubuyu. Wale sita wa kamba walikuwa wamekaa chini kwa kucheka. Na kule kwenye mikeka nikasikia yule mwanamke mwenye sauti, yule aliyekuwa akianzisha nyimbo, akisafisha koo.

Nilimtazama shangazi. Alikuwa hacheki tena. Alijua maana ya kusafisha koo kule. Ubeti mmoja tu, na nyumba ya mumewe ingeimbwa mwaka mzima, kisimani na shambani, kwa kile watu walichokiona sasa. Sikupata kumwona shangazi yangu akikimbia jambo, lakini pale alikusanya viatu vyake ili aondoke kabla wimbo haujaanza.

Basi akainuka. Na akafanya anavyofanya kila mwanamke wa Pemba akiinuka kutoka mkekani. Alivua kanga ya juu, akaikung'uta mchanga. Mara mbili.

Fahali akaacha kumfuata mchezaji. Akainua kichwa.

Sijapata kuona kitu kizito kikienda kasi vile. Wanaume wanne wa kamba walivutwa kwa matumbo hadi katikati ya uwanja. Wawili waliachia mapema, hao ndio waliokuwa na akili. Mbele yake palikuwa na ule ugo wa magogo. Akauruka bila kuugusa, miguu yote minne hewani, kama mbuzi wa sokoni aliyeona mlango umeachwa wazi. Uwanja ulipasuka. Mikeka ikabaki, viatu vikabaki, pweza wakabaki kwenye makaa. Wanawake waliruka ugo upande mmoja na wazee upande wa pili, na mzee mmoja aliyeletwa kwa kushikwa mkono alinipita mimi. Mchezaji wa Chokocho nilimwona juu ya mnazi ambao haukukatwa hata kidato kimoja cha kukanyagia. Alipandaje, mpaka leo hajui. Mimi nilikuwa juu ya paa la kibanda cha madafu. Toka huko niliwahesabu ambao hawakukimbia. Nikahesabu mara mbili. Alikuwa mmoja.

Shangazi alisimama peke yake, kanga mkononi. Fahali akafika kwake na vumbi lake lote, akasimama, akatia uso ndani ya kanga. Hakukuta ganda hata moja. Akaanza kusukuma.

"Huna haya weye!" shangazi akamwambia. "Mbele za watu!" Akamzaba kofi la pua.

Fahali akainamisha kichwa.

Toka juu ya miti hakuna aliyesikia maneno yale. Walichokiona ni fahali aliyechoka kuchezewa, akawaponyoka watu sita wa kamba, akaruka ugo, akafagia uwanja mzima. Na bibi mmoja, mjane, akamzaba kofi.

"Kampiga kofi!" mtu akapiga kelele. "Wallahi kampiga kofi!"

"Mie nilijua," mchezaji wa Chokocho akasema toka kwenye mnazi. "Alipokuwa akinilamba alikuwa akinipima. Hamkuona macho yake?"

Hakuna aliyembishia, kila mmoja alikuwa na mti wake wa kuuelezea. Na yule mwanamke mwenye sauti, angali nyuma ya ugo, ushungi umemdondoka, akaanza:

*Fahali karuka ugo, wanaume wa mitini,
Bibi kampiga kofi, karudi naye nyumbani.*

Wakapokea wote. Waliosalia mitini walipokea huko huko walikokuwa. Shangazi akazungushia pindo la kanga kwenye pembe moja, akatangulia, fahali nyuma yake, wanawake nyuma ya fahali, kwa mbali kidogo. Mimi nilishuka nikamkimbilia. Nilidhani atakuwa analia kwa furaha. Kumbe kakunja uso.

"Marehemu hawakumtaja," alisema.

"Shangazi, wimbo ndio kwanza umezaliwa."

"Basi nenda kabla haujakomaa. Si dalali weye?"

Nikarudi nyuma kwa yule mwanamke mwenye sauti. "Bi, ubeti wako mzuri, lakini una upungufu. Mwenye zizi hamkumtaja."

"Mwenye zizi kafa. Leo kafanya nini?"

"Hakukimbia."

"Hakukimbia kwa kuwa hakuwapo!"

"Weye ulikuwepo," nikamwambia, "nami nilikuona kutoka kwenye paa ukiruka ugo kabla ya fahali."

Akacheka, akanipiga bega, akapandisha sauti:

*Na zizi la marehemu halijazaa muoga,
Ukibisha njoo kwake, uulize penye soga.*

Mbele kule niliona mabega ya shangazi yakinyooka. Alipunguza mwendo. Njia ya dakika kumi tuliitembea hadi magharibi ikakaribia, na kila mlango tuliopita alisimama kidogo akajifanya anafunga kanga vizuri.

Baadaye, fahali akiwa zizini na wanawake wamekwenda kusali, mzee wa mchezo alifika uani, kofia mkononi.

"Kijana, nilikudhania muongo," aliniambia. "Nisamehe." Akamgeukia shangazi. "Bi, watu wa vijiji vingine habari zishawafikia. Wanamtaka wiki ijayo. Watampa zamu yoyote unayoitaka."

Nilikuwa nimekwisha fungua kinywa kutaja masharti. Nilikuwa nayo matano.

"Hatoki tena," shangazi akasema.

"Hata mwakani?"

"Hata mwakani, mzee. Kashaimbwa, inatosha."

Nilisubiri mpaka mzee akatokomea, nikamwambia, "Shangazi, umeacha jambo kubwa. Angalau ungeniachia nivutane naye kidogo."

"Leo walimtazama wakiwa mbioni," alisema, akimenya ndizi na kumtupia fahali maganda. "Wiki ijayo watamtazama wakiwa wamekaa."

Basi alikuwa akijua kwamba fahali wake hana ukali. Nilitaka kumuuliza amejua toka lini, toka mchana au toka pale asubuhi barazani, na ile kanga aliikung'uta kwa ajili ya mchanga tu au vipi. Nilikuwa na maswali, nimekwisha yapanga.

"Shangazi, hebu niambie..."

"Hebu nyamaza, mwanangu," akasema. Alikuwa kageuza kichwa upande wa kisimani, ambako msichana fulani alikuwa akivuta maji huku akiimba. "Kashafika penye ubeti wa zizi. Niache nisikie."